Upepo wa Tairi na Upepo wa Kusi: Siku Nne Kandokando ya Sabaki

Sabaki ni Galana uliobadili jina. Athi na Tsavo hukutana ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, maji yakaitwa Galana, na yakikaribia pwani yakaitwa Sabaki, hadi yanapomwagika baharini kaskazini ya mji wa Malindi yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa bara. Mvua ikinyesha sana huko juu, bahari ya Malindi nayo hugeuka kahawia.

Anayetaka kuufuata mto huu kwa baiskeli ya changarawe, ile ya matairi mapana ya njia zisizo na lami, atapita juu ya udongo wa kila namna kwa siku chache: ufuo mgumu wa maji kupwa, mchanga mweupe, mchanga mwekundu, murram iliyojikunja kama bati, na mfinyanzi mweusi wa kingo za mto. Kila mmoja una upepo wake wa tairi. Kosa linaloharibu safari nyingi huku ni kujaza tairi mara moja asubuhi pale mjini, kisha kutoligusa tena mpaka jioni.

Msimu kwanza. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, achana nayo kabisa, hasa kwa njia za siku ya tatu. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni ya kubahatisha. Miezi mizuri ni Julai hadi Septemba, jua likiwa na huruma kidogo, na Januari na Februari, kukavu lakini kuna joto la kuunguza. Pepo nazo zina zamu zake. Kusi huvuma kutoka kusini karibu miezi yote ya katikati ya mwaka, kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Ratiba hii imepangwa kwa kusi: inakusukuma ukienda Mambrui na inakupiga usoni ukirudi Malindi. Ukisafiri Januari, igeuze.

Jioni ya kuamkia safari

Tairi la milimita 45 ndilo linalofaa. Milimita 40 linapita, ila utashuka na kusukuma mara nyingi zaidi, na chini ya hapo mchanga wa huku unalimeza. Lisilo na tyubu ni bora kwa sababu ya mbigili, ule mmea unaotambaa kando ya njia na kuzaa vijiba vyenye miiba migumu. Kijiba kimoja hutoboa, na mara nyingi utaokota vinne au vitano kwa mpigo. Tia silanti, ule uji wa kuziba matundu kutoka ndani, mililita 80 kila tairi. Kwa joto la pwani silanti hukauka ndani ya miezi miwili au mitatu, kwa hiyo tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji yakicheza ndani, hakuna kitu humo. Beba chupa ya mililita 60 ya ziada na zile nyuzi za kuzibia.

Hata kwa tairi lisilo na tyubu, beba tyubu mbili. Hapa kuna hesabu ambayo wengi huipata wakiwa wamekwama. Baiskeli za vijijini, zile nyeusi nzito za kubebea maji na mkaa, zina magurudumu ya inchi 28 ambayo kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa ni milimita 635. Gurudumu la baiskeli ya changarawe ni 622. Tairi la 28 la dukani kijijini halitakushika. Lakini baiskeli za milimani za inchi 29 nazo ni 622, kwa hiyo tairi na tyubu za 29 za duka la vipuri mjini zinakuingia bila shida, mradi fremu iwe na nafasi. Tyubu ya 28 ya kijijini inaweza kukuokoa kwa siku moja ikikunjwa kidogo ndani ya tairi lako, ila valvu yake ni nene na rimu nyingi za changarawe zimetobolewa kwa valvu nyembamba. Haipiti. Usimruhusu fundi apanue tundu kwa msumari wa moto. Atalipanua kweli, na rimu yenyewe itapasuka kuanzia hapo. Adapta ndogo ya shaba ya kugeuza valvu nyembamba iwe nene haifiki uzito wa sarafu, na inakuwezesha kujaza upepo kwa pampu ya fundi yeyote.

Giya: krenki ya meno 40 mbele na friwili inayofika meno 42 nyuma inatosha. Pedi za breki za diski ziwe za chuma. Zile laini huliwa na tope lenye mchanga kwa siku moja, ukajikuta unashika breki na kusikia chuma kinalia juu ya chuma. Hanga, kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia mkono wa giya za nyuma, beba cha akiba cha fremu yako hasa, maana kila fremu ina chake na hakuna duka la Malindi litakalokuwa nacho. Weka na kitoa pini cha cheni, viungo viwili vya kuungia, kamba za plastiki za kubania na tepu.

Cheni isafishwe mpaka ikauke, ipakwe mafuta tone moja kila kiungo, isubiriwe nusu saa, kisha ifutwe kwa kitambaa hadi ikiguswa isichafue kidole. Cheni inayong'aa kwa mafuta hukamata mchanga, na mafuta na mchanga vikichanganyika vinakuwa tupa. Utasikia inasaga kabla ya kufika Mambrui.

Presha, kwa mtu wa kilo 70 mwenye mzigo wa kilo 8 na tairi la 45 lisilo na tyubu: barabara ngumu, psi (kipimo cha upepo kilichoandikwa kwenye pampu) 30 mbele na 33 nyuma. Changarawe iliyolegea, 26 na 29. Mchanga, 18 na 21. Mwenye tyubu aongeze tano kila mahali na asishuke chini ya 25, la sivyo rimu itaibana tyubu juu ya jiwe na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo, usitafute mwiba. Upepo ulikuwa mdogo.

Siku ya kwanza: Malindi hadi Mambrui, kilomita 20 hivi

Ni siku fupi kwa makusudi. Mwendo wa leo hauamuliwi na saa ya mkononi, unaamuliwa na maji. Uliza wavuvi jioni yake maji yanakupwa saa ngapi, na ujue kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, ufuo hufunguka mpana na mgumu. Siku za maji mafu ufuo ni mwembamba na utapanda mchanga laini zaidi.

Kunywa chai na mahamri kwa mbaazi, kisha toka Malindi kwa barabara ya Garsen mpaka daraja la Sabaki. Lami, magari yaendayo kasi, kaa kushoto kabisa. Darajani shuka, sukuma, na utazame mto. Kimo cha maji hapa ni habari ya siku ya tatu. Yakiwa yamejaa ukingo hadi ukingo na yanabeba magogo, kingo za juu zimelowa na njia ya Garashi uisahau.

Ukishavuka, vijia vya upande wa kulia hushuka kupitia mashamba hadi mlangoni mwa mto. Ni mahali pa ndege: heroe, membe, na makundi ya ndege wahamiaji wanaokuja kula kwenye matope. Ni mahali pa viboko pia. Kiboko hutoka majini usiku kula majani na hurudi alfajiri, na hatari yake kubwa ni mtu kusimama kati yake na maji. Usifike hapa kabla ya saa moja asubuhi, usikae baada ya saa kumi na moja jioni, na mlango wenyewe usiuvuke kwa miguu hata maji yaonekane ya magotini. Chini ni tope, na mamba wako.

Kutoka hapo hadi Mambrui ni ufuo. Shusha tairi hadi 20 na 23, uendeshe pale mchanga ulipo na unyevu lakini hauakisi mwanga. Ukiona unang'aa kama kioo umelowa mno, na gurudumu litazama. Ukiona ni mkavu na umefifia, umepanda juu mno. Kati ya viwili hivyo kuna ukanda, wakati mwingine mita tano, wakati mwingine mita moja, ambao tairi halizami na halichoti maji. Shika giya nyepesi, zungusha miguu haraka, uzito nyuma kidogo, mikono legevu. Usukani ukiubana kwa nguvu, gurudumu la mbele hupinda na kulala.

Usiingie kwenye mawimbi kupiga picha. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye beringi za krenki na za magurudumu, kutu huanza siku ileile ingawa utaisikia baada ya mwezi. Mambrui, mji wa kale wenye misikiti na makaburi yake, omba ndoo moja ya maji baridi. Mimina polepole kutoka juu kwenda chini: usukani, fremu, magurudumu, cheni mwisho. Usitumie bomba la nguvu, linasukuma chumvi ndani zaidi. Kausha kwa kitambaa, paka cheni upya, lala.

Siku ya pili: Mambrui hadi Marafa

Kuna njia mbili za kwenda Marafa. Moja hupitia Gongoni, karibu na viwanda vya chumvi, kisha huingia bara. Nyingine ni ya Marikebuni, karibu zaidi na mto. Leo shika ya Gongoni, ile ya mto itakurudisha kesho. Ondoka saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu baada ya saa nne hakuna upepo wa bahari wa kukupoza ukishaiacha pwani, na njia inapanda. Si mlima wa kutisha, ni kupanda kwa mbali kusikoisha, kunakochosha kwa sababu hukuoni.

Murram hapa imejikunja. Magari yakipita kwa kasi juu ya changarawe kavu, gurudumu huruka kidogo, likatua na kusukuma mchanga mbele, na linalofuata huruka palepale. Baada ya miezi barabara nzima inakuwa mgongo wa bati. Mikunjo haina dawa ya presha, dawa yake ni kuchagua mstari: ukingoni kabisa, hasa upande wa nje wa kona, au katikati ambako magurudumu ya magari hayapiti. Ukibanwa na huna pa kwenda, nyanyuka kidogo kitini na uache baiskeli icheze chini yako. Kila saa moja simama ukaze boliti za kibebeo cha mizigo na cha chupa. Mtikisiko huu hulegeza boliti hata zilizokazwa vizuri, na boliti ya kibebeo ikidondoka hapa huioni tena.

Maji ni lita nne kwa mtu, kunywa kama mililita 700 kwa saa, zaidi joto likizidi. Lita moja iwe na chumvi na sukari: vijiko vidogo sita vya sukari vilivyo sawasawa na nusu kijiko cha chumvi. Ukwaju kidogo ndani yake huifanya inyweke hata ikiwa ya moto. Kwenye maduka ya njiani kuna soda, biskuti, karanga, na ukibahatika viazi vya karai. Dafu ni zuri, lakini dafu pekee halirudishi chumvi ya jasho la saa tano.

Joto lina kazi nyingine isiyofikiriwa. Tairi la psi 30 alfajiri hufika 33 au 34 likichomwa na jua na ardhi ya mchana. Ukisimama kula, iweke baiskeli chini ya mwembe au mkorosho.

Marafa penyewe pana Nyari, bonde lililochimbwa na mvua kwenye udongo laini, kuta zake zimepangana tabaka nyeupe, za waridi, za machungwa na nyekundu. Wenyeji wana kisa cha tajiri aliyekuwa na ng'ombe wengi hata watu wake wakaoga maziwa. Nyeupe ni maziwa yale, nyekundu ni damu. Fika kabla ya jua kuzama, lipa kiingilio, chukua mtembezaji wa kijijini, na baiskeli uiache langoni. Ukingo wa juu umelika kwa chini, unaoonekana mgumu ni ganda tu.

Tazama kuta zile kwa makini, zina faida kwa kesho. Mchanga mweupe ndimo utakamosukuma baiskeli. Mwekundu ndio wenye kushikamana, tairi huupenda. Ule mfinyanzi uliopasuka vipande kama sahani ndio, ukilowa, utakaokunyang'anya baiskeli.

Siku ya tatu: Marafa, Garashi, na kushuka na mto

Hii ndiyo siku yenyewe.

Kutoka Marafa shuka upande wa Garashi mpaka uone kijani cha mto. Hapo hakuna barabara moja, kuna vijia vingi: vya punda, vya watu waendao shamba, vya ng'ombe. Kanuni ya kutopotea ni moja, mto uwe mkono wako wa kulia mpaka Marikebuni. Kijia kikishuka hadi majini na kukatika, rudi, usikate shamba la mtu. Mashamba ya kingo, mahindi, migomba, mchicha, hupandwa kwenye tope jipya lililoletwa na mafuriko, na alama ya tairi katikati ya mche ni hasara ya mtu. Kwenye ukingo mwembamba, mwenye ndoo kichwani ndiye mwenye njia. Shuka, simama pembeni, salimia.

Kuuliza njia kuna ufundi wake. Ukiuliza "ni mbali?" utaambiwa "hapo tu" kwa heshima, na hapo tu ni saa mbili. Uliza habari za pikipiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi na joto hili?"

"Marafa. Njia hii pikipiki yapita hata Marikebuni?"

"Yapita."

"Na abiria hushuka?"

"Pale kwenye mchanga hushuka. Na pale korongoni hushuka pia."

Umeshapata ramani nzima. Pikipiki inapopita na abiria wake, wewe utapita umekaa. Abiria anaposhuka, utashusha upepo au utasukuma. Dereva mwenyewe anaposhuka, tafuta njia nyingine. Swali hilohilo litumie kuhusu kuvuka mto huku juu, kule Baricho: mafuriko hukata mivuko, kwa hiyo habari ya mwezi uliopita haina kazi. Ratiba hii haivuki.

Sehemu za mchanga mweupe zikianza, usingoje mpaka uanguke. Simama, shusha hadi 18 na 21, ni kazi ya sekunde 20. Uvivu uko kwenye kurudisha: pampu ndogo ya mkono itakuchukua dakika tatu au nne kila tairi, na mtu hujiambia mchanga mwingine uko mbele, aache tu. Kisha njia inakuwa ya mawe, tairi la psi 18 linapiga rimu, na silanti inamwagika yote kupitia ufa usiozibika. Rudisha.

Mbigili zikikushika kwenye tairi lisilo na tyubu, usizing'oe hapo hapo. Zungusha gurudumu ili silanti ifike, endelea, na uzing'oe jioni moja moja. Mwenye tyubu afanye kinyume: atoe zote, kisha apitishe kitambaa ndani ya tairi duara nzima. Kitambaa hukwama kwenye ncha ambayo kidole hakikuiona. Kiraka hakishiki kwa sababu tatu tu, jasho la vidole, vumbi, na haraka. Kwaruza kwa msasa mpaka sehemu ifubae, paka gundi kwa wembamba, ngoja dakika tano mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza kwa mpini wa spana. Kwa jua la huku dakika tatu zaweza kutosha, lakini fanya kivulini.

Sasa mfinyanzi. Ukiwa mkavu ni mzuri kuliko lami, mgumu, laini, wa mbio. Mvua ya dakika kumi ikiupata, au mfereji wa shamba ukivuja juu yake, hali hugeuka. Dalili ya kwanza ni sauti. Tairi huacha kunong'ona na kuanza kunata, chwa chwa chwa. Baada ya mita 20 udongo umejaza nafasi kati ya tairi na fremu, ukachanganyika na nyasi, ukawa kama tofali. Gurudumu linakataa kuzunguka. Mtu anakanyaga kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo panapovunjika: udongo na nyasi huvuta mkono wa giya za nyuma kwenda juu, cheni inakaza, mkono unaingia kwenye spoki, hanga inakatika. Imetengenezwa laini kwa makusudi ili ikatike yenyewe badala ya fremu.

Kwa hiyo sauti ikibadilika tu, shuka. Usisukume pia, maana gurudumu likizunguka linakusanya. Inyanyue begani au ipitishe juu ya nyasi za pembeni. Ng'oa udongo kwa kijiti, kamwe si kwa maji ya mto, kwa sababu kuinama ukingoni mwa Sabaki ni kumwita mamba.

Hanga ikikatika na unayo ya akiba, ni kazi ya dakika kumi na ufunguo mmoja mdogo. Usipokuwa nayo, baiskeli igeuzwe ya giya moja. Fungua cheni, toa mkono wa giya na uufunge kwenye begi, waya wake ubane kwa kamba ya plastiki usiingie kwenye spoki. Chagua duara la meno la friwili lililo mbele kwa mbele na krenki, kwa kawaida mojawapo ya yale ya katikati. Ukitazama kutoka nyuma, cheni iwe mstari mnyoofu. Izungushe mbele na nyuma, ivute kwa mkono, na uhesabu viungo vya kukata. Kata vichache kwanza, pima, ndipo ukate tena, kwa kuwa cheni iliyokatwa fupi hairefuki. Ikiungwa, iwe na mchezo wa kama sentimita moja juu na chini. Tatizo la friwili za siku hizi ni kwamba meno yake yamechongwa ili cheni ipande kwa urahisi, na itajaribu kupanda kwenye duara kubwa hata usipotaka. Ikipanda inakaza kama uzi wa gitaa. Kanyaga polepole, usirudishe pedali nyuma, na kwenye kilima shuka utembee. Kwa mwendo huo utafika Malindi.

Mchana kusi litakuwa usoni. Kutoka Marikebuni hadi darajani ni wazi, na baada ya saa tano upepo una nguvu za kukutoa giya mbili. Wakiwa wawili au watatu, wapokezane mbele kila dakika tano. Peke yako, inama na usitazame kipima mwendo. Daraja la Sabaki, lami, mji. Pandisha tairi hadi 30 na 33 kabla ya lami. Tairi laini kwenye lami ya moto ni kama kuburuta gunia.

Siku ya nne: Jilore, msitu, Gede

Leo ni upande wa kusini. Toka Malindi kwa barabara ya Sala na uiache kuelekea Jilore, ambako nchi imeinuka na bonde la Sabaki linaonekana chini, pana, lenye mkanda wa kijani katikati ya ukame. Ndipo utakapouelewa mto kuliko siku zote tatu za kuwa ndani yake.

Jilore ni ukingo wa kaskazini wa msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Ni msitu wa hifadhi wenye ndovu, kwa hiyo haupitiwi kwa kujichomeka popote palipo na uwazi. Ruhusa, malipo na mtembezaji hupangwa kabla, kituo cha msitu kilichoko Gede. Bila hivyo, zunguka kwa nje.

Udongo wa msitu umejipanga kwa mikanda, na miti inakutajia kabla tairi halijausikia. Vichaka vizito vya upande wa magharibi vimeota kwenye mchanga mwekundu: 26 na 29, raha tupu. Ukiona mirihi, miti mirefu yenye nafasi na mwanga katikati yake, umeingia kwenye mchanga mweupe, shusha hadi 18 mapema. Upande wa mashariki, msitu mchanganyiko, mchanga ni wa kijivu na umeshindiliwa zaidi. Kila kinyesi cha ndovu kitazame: kikiwa kinafuka au kimelowa kwa ndani, simama, nyamaza, msikilize mtembezaji. Baiskeli haina sauti, na ndovu hapendi kushtushwa. Nenda na kengele ndogo.

Kutoka Gede kurudi Malindi ni kilomita 16 za lami. Jioni yake fungua pedi za breki uzipime. Zikibaki chini ya milimita moja ya nyama, zibadilishwe. Pima cheni pia, ikiwa imerefuka nusu ya asilimia moja itoe kabla haijaila friwili. Kisha vua matairi yote mawili na uyakung'ute juu ya gazeti. Mchanga utakaoanguka utakuwa wa rangi tatu.